Upepo wa Tarehe 15 Aprili

Tarehe 15 Aprili ina kisa na pwani yetu. Siku hiyo, mwaka 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvivunja vyombo bandarini. Siku hiyo hiyo mwaka 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kingine kikaingia Lindi. Sitafuti siri humo. Aprili ni mwezi ambao kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, imeshakufa na kusi, upepo wa kutoka kusini, haijashika, ukanda wa mvua unapanda kurudi kaskazini, bahari bado ina joto la kiangazi chote, na ikiwa kuna dude la kutokea huko mashariki likatupata, mara nyingi litakuja siku hizo. Kimbunga Kenneth cha mwaka 2019 kilikuja Aprili. Jobo ya mwaka 2021, Aprili. Hidaya ya mwaka 2024 ilichelewa kidogo tu, ikaja mwanzoni mwa Mei.

Naanza na tarehe kwa sababu nikianza na ninachotaka kusema hasa mtanishangaa. Napenda upepo mkali. Naupenda kwa namna ambayo huku kwetu huisemi mbele ya wavuvi. Mimi mtoto wa Kilwa, nimekulia mahali ambapo Juni na Julai kusi inavuma mchana kutwa, mchanga unakuchoma miguuni, mivinje inalia, nguo zikianikwa bila vibanio unazifuata mtaa wa pili. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaibeba kanga ya mama kila mmoja ncha yake, tunaiinua juu, tunasubiri upepo utusukume. Ukiushika vizuri unakimbia miguu haigusi vizuri chini. Mpaka leo nikisikia bati la jirani limeanza kupiga, wengine wanafunga madirisha, mimi natoka barazani.

Bibi hakuipenda tabia hiyo, lakini pia hakuruhusu mtu autukane upepo. Ukisema "upepo gani huu wa kipumbavu" alikukata kauli papo hapo: upepo umeletwa, haukujileta, muombe Mungu kheri yake na umuombe akuepushe na shari yake. Mvua ikizidi alisoma ile dua fupi ya kuomba mvua iende pembeni yetu isiwe juu yetu. Nilikua nikidhani ni mambo ya bibi zetu tu. Baadaye nilipoanza kusoma habari za vimbunga niliona kwamba kijiografia dua ile kwetu imejibiwa karibu kila mwaka.

Maana kwa hakika sisi tumekingwa. Kimbunga ili kijizungushe kinahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha kwenyewe, na msukumo huo ukikaribia ikweta unapungua mpaka unaisha kabisa. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, Mafia karibu 8, Lindi 10. Zaidi ya hayo kuna Madagaska, imelala mashariki kusini mwetu na kupokea makofi mengi ambayo yangeweza kuja huku. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa Bagamoyo, akazeeka, akazikwa, asikione kimbunga hata kimoja. Na ndiyo maana kikija kinatukuta hatuna desturi nacho.

Ile Hidaya nilikuwa Kilwa Masoko. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Ami yangu, ambaye bahari ndiyo ofisi yake, alikuwa ameshapandisha mtumbwi mpaka chini ya mwembe na kuufunga kamba mbili. Nikamuuliza, "Ami, huu upepo unauonaje?" Akaangalia mawingu yanavyokwenda, akasema, "Huu sio wa kwetu. Kusi ina adabu zake. Inakuja toka upande wake, unaijua. Huu unakuja toka kila mahali."

Usiku ule nilikuwa na raha na hofu kwa pamoja, na sikuweza kuzitenganisha. Kuna sauti moja sijaisikia kabla wala baada yake: bati zima la nyumba linavutwa juu kidogo, misumari inalia, halafu linarudishwa chini, kimya, halafu tena. Ukimulika tochi darini unaona mwanga wa radi ukipenya kwenye mstari mwembamba pale bati linapoachana na mbao. Maji yanaingia kwa ule mstari, mlalo, si kwa kudondoka. Unakaa unahesabu pumzi, huku moyo ukienda mbio kama wa mtoto aliyepandishwa pembea. Kimbunga kilikuwa kimepungua nguvu sana kilipofika nchi kavu upande wa Mafia, kwa hiyo tulichokipata ni makombo. Makombo hayo yalitosha kuikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, madaraja yakasombwa, malori na mabasi yakakaa foleni pande zote mbili.

Asubuhi nilikwenda pwani kuangalia uharibifu, na hapo ndipo wazo la makala haya lilipoanza. Ng'ambo ya maji kuna Kilwa Kisiwani, magofu yake yanaonekana kwa macho. Msikiti Mkuu wa kule ulianza kujengwa karne ya 11. Watu wamekaa kisiwani pale kabla ya hapo pia. Nikajiuliza swali la kitoto: wao usiku kama ule walijificha wapi? Hawakuwa na redio ya kuwaambia jina la kimbunga, wala picha ya setelaiti. Waliona tu mawingu yanakwenda vibaya.

Picha inayotujia kichwani ni ya nyumba za mawe, kwa sababu mawe ndiyo yaliyobaki. Lakini Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji kwa uzuri na akaueleza kuwa umejengwa kwa miti, mapaa yake nyasi. Wakati huo Husuni Kubwa, jumba la sultani, na kuba za msikiti zilikuwa zinajengwa au zimeshasimama, kwa hiyo mawe yalikuwepo. Alichokiona kwa wingi macho yake yalipozunguka mjini kilikuwa miti, udongo na nyasi. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti ya miti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Unguja Ukuu watu walikuwepo tangu karne ya 6 au ya 7, na wao pia walianza na miti na udongo. Kwa miaka mamia watu wa pwani hii wamengojea pepo ndani ya nyumba ambazo wewe na mimi tungeziita dhaifu.

Nyumba hiyo naijua, nimeshaikandika kwa mikono yangu nikiwa mdogo. Unachimbia nguzo za mkandaa, mti wa mikokoni usioliwa na mchwa kirahisi. Unapanga fito nje na ndani, unazifunga kwa kamba, kati yake unashindilia mawe madogo na udongo, halafu unakandika kwa kiganja mpaka kiambaza kinatoka laini. Juu ya nguzo unalaza mtambaapanya, kisha kombamoyo zinapanda kwenda kilele, pao zinakatiza, na makuti yanaezekwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia mgongo wa iliyotangulia. Hakuna msumari hata mmoja. Kila kiungo ni fundo la kamba, na fundo la kamba linatetereka. Nyumba nzima ukiisukuma inakwenda na kurudi kidogo.

Paa la makuti lina miteremko minne, halina ukuta mrefu wa pembetatu wa kuushika upepo. Na makuti yenyewe yanavuja hewa. Bati haliachii hewa ipite, kwa hiyo upepo ukiingia chini yake unalibeba zima zima, na bati linaloruka usiku ni panga. Makuti upepo unayanyofoa moja moja. Utaamka juu ya kichwa chako kuna nyota, umelowa, una udongo mdomoni, lakini uko hai, na kilichokuangukia ni majani. Kombamoyo ikikupata itakuumiza, sibishi. Hata hivyo tofauti yake na boriti la zege au jiwe la ukuta ni kubwa.

Halafu kesho yake. Banda la Ami la kuwekea nyavu lilikuwa la makuti, na Hidaya ililifanya takataka. Siku chache baadaye lilikuwa limesimama tena. Vijana wawili, nguzo zile zile, makuti mapya kutoka kwa mama anayesuka jirani, kamba, wali wa nazi wa mchana. Jirani yetu wa bati, ambaye alipoteza mabati ya upande mmoja tu, alikaa na turubai muda mrefu akisubiri pesa. Simcheki, mimi mwenyewe ninalala chini ya bati na sitarudi kwenye makuti, yanaungua, yanakaa miaka michache tu yanaoza, na nge wanayapenda. Ninachosema ni kwamba wazee wale hawakushindana na upepo. Walijenga kitu ambacho kuanguka kwake kulikuwa rahisi na kukisimamisha kulikuwa rahisi vilevile. Ustahimilivu wao tunautafuta ukutani ambako haukuwepo. Ulikuwa kwenye kamba, mikokoni, na kwa majirani.

Baharini hali ilikuwa hiyo hiyo. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulishonwa. Mbao ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake mkeka. Chombo cha kushonwa kinavuja, baharia wake anakomba maji kila saa, lakini kikipanda mwamba au kikipigwa na wimbi kinajikunja mahali ambapo cha misumari kingepasuka. Na mabaharia hawakuwa mashujaa wa kupambana na tufani. Walikuwa watu wa kalenda. Unakwenda na kaskazi, unarudi na kusi, na kipindi cha tanga mbili, upepo ukiwa haujaamua, unatulia bandarini.

Kwa bahati mbaya, hilo ndilo lililozidisha hasara ya mwaka 1872. Katikati ya Aprili ni wakati ambapo vyombo vilivyokuja Unguja na kaskazi vinasubiri kusi virudi Arabuni na Bara Hindi. Mtu akifuata busara yote ya wazee anakuwa ametia nanga mbele ya mji, sawa na wenzake wote. Upepo ukawakuta pale. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti, alipoteza merikebu zake. Baadaye akaagiza meli nyingine, Glasgow, iliyoundwa Dumbarton huko Uskoti na kufika mwaka 1878. Hiyo nayo Waingereza waliizamisha pale pale bandarini Agosti 1896, katika vita vile vya chini ya saa moja. Ng'ambo, Bagamoyo, misheni ya Wafaransa iliyokuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe ilibomolewa. Na mvua ya kimbunga kile haikuishia pwani. Stanley, aliyekuwa njiani kurudi baada ya kumwona Livingstone, alipita eneo ambalo leo ni la Morogoro wiki chache baadaye, akaandika kwamba ukuta wa mji wa Simbamwenni ulikuwa umesombwa na kwamba vijiji vingi vya bonde la Ngerengere havikuwepo tena.

Lakini jeraha lenyewe la Unguja lilikuwa mashambani. Karafuu ililetwa kisiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipohamisha makao yake kutoka huko aliishikia bango, na walowezi wa Kiomani waliokuja pamoja naye au nyuma yake wakafyeka misitu ya upande wa magharibi, wenye udongo mzito, wakapanda mikarafuu mistari kwa mistari. Mashamba yalikopewa fedha kwa wafanyabiashara wa Kihindi na yalilimwa na watumwa. Hawa walowezi tuna habari zao nyingi kidogo, nami nikijaribu kuwaza usiku wa mmoja wao, juu, kwenye nyumba yake ya shamba yenye kuta nene, naona mtu aliye salama kuliko watu wote shambani, lakini anayepoteza zaidi kuliko wote. Ukuta wake hauendi popote. Anachosikia nje ni miti inavunjika.

Mkarafuu hauezekwi upya. Unapanda mche leo, utakaa miaka sita, saba, nane ndipo uanze kukupa kitu cha maana, na mti mkubwa una miongo kadhaa nyuma yake. Mnazi nao ni wa kusubiri. Kimbunga kile kiliangusha sehemu kubwa ya vyote viwili Unguja, na Pemba, kilomita 50 hivi kaskazini, ikaachwa. Bei ya karafuu ikapanda kwa kuwa karafuu hazipo, waliokuwa na mashamba Pemba wakaneemeka, wengine wakakimbilia kupanda huko, na Pemba haikuushusha tena uongozi huo. Hata leo karafuu nyingi za Zanzibar ni za Pemba. Mtu ananunua pakiti ya karafuu Kariakoo, hana habari kwamba iliamuliwa itoke wapi na siku moja ya upepo.

Na watumwa? Hapa ndipo raha yangu ya upepo inapopata aibu. Wao ndio waliokuwa kwenye vibanda, na sijawahi kukutana na maneno ya hata mmoja wao kuhusu siku ile. Vibanda vyao vilikuwa vya miti na makuti, na kwa hesabu zangu za juu walisimamisha vipya haraka. Lakini mashamba ya Pemba yaliyofunguliwa baada ya hapo yalitaka mikono, na mikono ilitafutwa kwa njia ile ile. Mwanzoni mwa 1873 Waingereza walipomtuma Sir Bartle Frere kumshinikiza Barghash akomeshe biashara ya watumwa, moja ya hoja za Sultani ilikuwa hiyo: kimbunga kimetufilisi, mnataka kutumalizia. Juni mwaka huo akatia sahihi, soko la watumwa la mjini likafungwa, na magendo ya kwenda Pemba yakaendelea kwa miaka. Upepo ulipita. Gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuwa na mti wa kupoteza.

Kwa hiyo nikisema wazee walistahimili, lazima niulize wazee gani. Wa Kilwa na Shanga walikaa karibu na mikoko, walijenga nyuma ya visiwa na ndani ya hori ambako wimbi halifiki likiwa na nguvu zake, walihifadhi chakula ambacho hakianguki. Kiazi kikuu kiko chini ya ardhi, na muhogo ulipokuja kutoka Amerika ulipokelewa kwa sababu nyingi, nami naamini hii ni mojawapo. Wa mashamba ya karafuu waliweka mali yao yote kwenye kitu kimoja kirefu, chenye majani mengi, kinachochukua nusu ya ujana wa mtu kukua. Upepo wa aina moja, watu tofauti. Nikipita siku hizi na kuona mikoko inavyokatwa kwa ajili ya boriti na mkaa halafu hoteli inasogezwa mpaka mchangani, najua sisi tuko kundi gani.

Kuna swali moja ambalo magofu na vitabu havijibu: je, waliufurahia? Nimekuwa nikijiona mtu wa ajabu, au mtu aliyedekezwa na ukuta wa tofali. Nilidhani kuupenda upepo ni anasa ya mwenye paa, kwamba wenzetu wa zamani wasingekuwa na nafasi ya kushangaa wakati kiambaza kinayumba.

Bibi alikuwa Lindi mwaka 1952. Alikuwa mtoto wa kucheza mdako, hajaanza kuvaa kanga mbili. Hadithi yake ya kimbunga alikuwa akiisimulia kwa kifupi sana, bila manjonjo: paa liliondoka, mama yake akawakusanya wanawe kwenye pembe ya chumba, akawafunga wote kwa kanga viunoni, mmoja kwa mwenzake na mwisho kwake yeye, halafu akawafunika mkeka na kuukalia ukingo. Kesho yake walikula madafu siku nzima mpaka matumbo yakawauma, kwa kuwa minazi ilikuwa chini na madafu yamezagaa bure. Basi.

Siku moja, miaka ya mwisho ya uhai wake, kusi inavuma na mimi nimesimama barazani kama kawaida yangu, nikamuuliza kama aliogopa. Akasema aliogopa sana. Akanyamaza kidogo, akaniangalia kwa jicho la uchokozi, akaongeza kwamba alitoboa mkeka kwa kidole ili achungulie. Aliona mabati ya duka la mtu yanapita angani, moja baada ya jingine, yanang'aa kila radi ikipiga.

"Ilikuwa nzuri?" nikauliza.

"Nzuri sana, mwanangu. Mama akaniona, akanizaba kofi."